Reli ya Pili

Tarehe 11 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu kabla ya yote, maana Mama ameketi hapa ananitazama nisije nikaziruka. Anasema salamu ni kubisha hodi, na anayeingia bila hodi ni mwizi. Basi hodi. Sisi ni wazima kwa kadiri Mungu alivyotupimia. Mama analala mchana kuliko usiku. Mguu wake na mkono wake wa kulia ni vile vile tangu kile kiharusi, havina habari naye. Seremala wa jirani anakusalimu. Bado anajisifu kwamba mlango wetu wa nyuma ni kazi yake nzuri kuliko zote, na bado haufungi. Mama mkwe wake amehamia kwake, mama mnene mwenye cheko linalovuka ukuta. Akicheka, Mama naye anacheka, ingawa hajui kimesemwa nini.

Sasa lililonikalisha chini kuandika. Kiti chako kimeanza kulia.

Ulipokifunga kabla hujaondoka, kile kigari kinachokibeba kilikuwa kinateleza kwenye reli ukutani kama sabuni kwenye sinia. Nilikuwa namkalisha Mama, nasukuma kwa kidole, tunatoka kitandani tunafika mlango wa bafu bila jasho. Sasa tukifika katikati kinasema kriii, kinakwama, halafu kinaruka kidogo kama mtu aliyekanyaga kijiwe. Mama anasema gari moshi likipiga honi ni heshima kwa abiria. Mimi siipendi. Naiogopa siku kitakapokataa naye yuko juu, nami niko peke yangu.

Ulisema siku ile kwamba reli moja haitoshi, na kwamba utarudi kufunga ya pili. Sikukimbizi. Nauliza tu kama hiyo ya pili iko njiani.

Kwangu hakuna jipya. Naamka, nasali, nafanya, nalala.

Dada yako.


Tarehe 2 Februari

Dada yangu,

Hodi na mimi, kabla sijaitwa mwizi. Barua yako imenikuta mzima. Tunalala watu wanne chumba kimoja, dirisha linatazama uwanja wa kiwanda walikopanga maboksi hadi juu, kwa hiyo jua tunalisikia kwa watu. Karakana iko salama. Simu ya ofisini hawatupi ila kukiwa na msiba, na sikuombei uipate. Tuandikiane tu.

Mwambie Mama asinune: tatizo si uzito wake. Ile reli, mzigo ukikaa juu yake sawasawa, ingembeba yeye na wewe na jirani wa cheko. Tatizo ni mkono wa chuma unaotoka ukutani kwenda kwenye kiti. Kiti kiko mbali na reli, kwa hiyo kigari hakilemewi, kinapindwa. Jaribu hivi. Shika ndoo ya maji karibu na tumbo. Halafu ishike ndoo ile ile umenyoosha mkono. Maji hayajaongezeka, lakini bega lako litakwambia kitu kingine. Vitu hivi vina vikomo viwili, kikomo cha kulemewa na kikomo cha kupindwa. Cha pili ndicho kidogo, na ndicho watu wanachokisahau. Mimi sikukisahau, ila nilikuwa na reli moja tu, iliyotoka kwenye mashine iliyovunjwa, na Mama alikuwa anasubiri.

Ndani ya kigari kuna gololi ndogo za chuma zinazozunguka. Ukipita kikomo cha kupindwa hata mara moja, zinaacha vijishimo kwenye njia. Nadhani ndivyo vilivyo hapo katikati, ndipo kinaporuka. Vijishimo haviponi. Chuma si nyama.

Ila usiogope, hakitaanguka ghafla. Umri wa reli hauhesabiwi kwa miaka bali kwa mwendo, na kwa safari za Mama za kitandani mpaka bafuni, miaka itapita hajafika hata mji wa pili. Tena mzigo ukipungua, umri unaongezeka kuliko unavyodhani. Ukiupunguza nusu, reli haiishi mara mbili. Inaishi mara nane. Niliambiwa nikabisha, mpaka nilipoona mwenyewe kwenye mashine.

Ya kufanya: futa reli kwa kitambaa kikavu, tia grisi niliyokuachia kwenye kopo la buluu. Usitie mafuta ya kupikia.

Reli ya pili mkuu wa karakana ameniahidi. Moja juu, nyingine chini. Ya juu inavutwa, ya chini inasukumwa, hapo hakuna inayopindwa. Mwezi wa nne nikipewa ruhusa nakuja nayo begani.

Mdogo wako.


Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na za Mama zimo humo humo. Barua yako imechelewa kwa mafuta ya kupikia. Nilikwisha kuyatia. Yaliganda, yakashika vumbi, chumba kikanuka kama jiko. Nimefuta yote kwa maji ya moto na kitambaa, nikatia ile grisi ya kopo la buluu. Kinalia, ila si kwa hasira kama zamani.

Ndoo nimeijaribu. Nilisimama jikoni nimenyoosha mkono na ndoo, seremala akapita dirishani akauliza kama niko sawa. Nikamwambia najifunza. Akasema, "Unajifunza nini, kuchota maji?" Akaondoka anacheka. Sikumaliza hata sala fupi, mkono ukaanza kutetemeka. Nikasema, kumbe ndiyo hii. Nikaiweka chini nikaendelea na vyombo.

Mama siku hizi anaacha chakula. Anasema nimezidisha chumvi, nikipunguza anasema nimeisahau. Mambo ya wazee. Mchana nikimsafirisha anasema daraja la kwanza lina huduma mbaya. Jioni tunasali pamoja, anataja jina lako la utotoni, lile la Spana, halafu langu, halafu anafumba macho mpaka nadhani amelala. Hajalala.

Mwezi wa nne si mbali. Mgongo wangu umesikia habari hizo, umefurahi.

Dada yako.


Tarehe 30 Aprili

Dada,

Salamu sana wewe na Mama. Mwandiko usikushangaze, meza ya hapa imevunjika mguu.

Mwezi wa nne umeisha, najua. Kazi zimebana, na ruhusa bado. Nimehamishiwa stoo kwa muda, kutoa vipuri na kupokea vipuri. Si kazi mbaya. Reli ya pili ninayo, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta, iko chini ya kitanda changu.

Niambie kigari kinaendaje. Kinalia zaidi au vile vile? Kinaruka pale pale? Niandikie hayo kwanza, mengine baadaye.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu anayetuona sote, hata wa stoo. Ulisema niandike ya kigari kwanza, lakini Mama kanikatalia, salamu haziwi mkia. Seremala ni mzima, mkewe mzima, mama mkwe anacheka. Mlango haufungi.

Barua yako niliisoma kwa sauti kama siku zote. Nilipomaliza Mama akaitaka. Nikamwambia huoni bila miwani, akasema, "Sikukuambia naisoma. Nipe." Akaishika kwa ule mkono wake mzima, akapitisha kidole gumba kwenye mistari, pale herufi zako zilipolala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Kisha akaanza kusimulia ulipokuwa darasa la kwanza, jinsi ulivyokuwa ukishika kalamu kwa kushoto naye akikuhamishia kulia, kila siku, mpaka ukazoea. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa akiandika kabla sijamkataza." Nikamwuliza maana yake. Akasema nikaangalie sufuria. Barua hajanirudishia, iko chini ya mto wake.

Sasa kigari. Nina habari njema, nimemshukuru Mungu kwa hiyo. Kimenyamaza. Sijui ni lini hasa, nilishtuka tu siku moja tumefika mlangoni na sijasikia kitu. Hata pale katikati hakiruki. Nasukuma kwa kidole tena kama zamani. Nadhani grisi yako imeingia vizuri. Kwa hiyo usijitese na ruhusa, tunakwenda.

Mama yuko kama kawaida, labda kapungua kidogo, nani hapungui. Kiti kimekuwa kipana, nimemshonea mito miwili ya ubavuni asiyumbe. Ni ya kitambaa cha pazia la zamani, utalikumbuka.

Dada yako.


Tarehe 8 Juni

Dada,

Salamu. Mwambie Mama nimebisha hodi, ila leo nina haraka ya kuingia.

Barua yako nimeisoma stoo, nimeirudia, nimeiweka, nimeirudia. Nilikuandikia kwamba vijishimo haviponi. Reli haipati nafuu, Dada. Grisi inapunguza kelele, lakini hakuna grisi inayojaza shimo. Kigari kilichokuwa kinalia na kuruka mwezi wa pili hakiwezi kunyamaza mwezi wa tano kwa sababu kimepona. Kuna jambo moja tu linaloweza kukinyamazisha, na jambo hilo si la chuma.

Na kiti hakipanuki. Nilikipima mwenyewe.

Usiniandikie kwamba yuko kama kawaida. Mama ana kilo ngapi?


Tarehe 27 Juni

Mdogo wangu,

Kilo thelathini na nane.

Seremala alileta mizani yake ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Tuliining'iniza na kiti na Mama ndani, kisha tukapima kiti na mito bila yeye, tukatoa. Mama akasema, "Mnanipima kama mzigo wa sokoni, mbona hakuna anayeuliza bei?" Seremala akacheka, halafu akatoka nje akakaa huko.

Mama alinikataza nisikuandikie. Alisema una lako unalolibeba na usiongezewe. Lako ni lipi hakuniambia, na mimi sikuulizi. Utasema ukitaka.

Muuguzi wa zahanati alikuja. Alimtazama, akamshika shika, akaniita ukumbini akasema tumpe chochote anachotamani. Naijua maana yake. Nilimwitikia ndiyo, nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Watu wananiuliza najisikiaje. Ni kama mkono ulioulalia, upo, unauona, lakini si wako. Nasali kwa mdomo. Naamini Mungu anapokea hata hivyo.

Dada yako.


Tarehe 9 Julai

Dada yangu,

Siku nilipokifunga kiti, Mama alikuwa na kilo sabini na sita. Nilimpima mwenyewe ili nijue. Thelathini na nane ni nusu kamili. Nimepiga hesabu nyuma ya boksi la vipuri, nikaipiga tena. Ni mara nane. Reli niliyoihofia sasa ina umri mrefu mbele yake kuliko siku nilipoifunga. Nilikaa pale na hiyo hesabu mpaka mtu akaja kuomba bolti, nikampa zisizo zake.

Meza yangu haijavunjika mguu. Mwezi wa tatu nilikuwa nafunga kigari cha mashine, mashine ikarudi kabla sijatoa mkono. Vidole vitatu vya kulia havipo. Ndiyo maana niko stoo. Nilisema nisije mpaka nitakapoweza kushika spana kwa kushoto, nimfungie Mama reli yake nikiwa nimempa mgongo, asione. Nimejaribu. Bado sishiki vizuri.

Nakuja hivyo hivyo. Ruhusa nimeomba na nimepewa, kumbe ilikuwa ni kuomba tu. Usimwambie kuhusu mkono. Nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako.


Tarehe 12 Oktoba

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na hii ni barua ya kwanza ambayo hakuna aliyekaa kunitazama nisiruke salamu. Zilizobaki sikuziandika, utaona hapo juu hazipo. Nilizisema kwa mdomo kabla ya kushika kalamu.

Nilipokupigia ile simu ya ofisini sikukueleza vizuri. Nakueleza sasa.

Tangu ulipotuaga Mama alikuwa mtulivu. Alikuwa akieleza watu jinsi ulivyoingia, ukakaa kitandani umeuficha mkono mfukoni, naye hata hujamaliza kuamkia akakuambia, "Lete mkono." Na ulivyokataa, akasema tena, "Nilikwisha kuushika kwenye barua, lete." Kile alichokuambia ukiwa umeuweka mapajani mwake alikisimulia kwa kila aliyeingia: "Ule niliomkataza ndio uliobaki. Mungu alimwekea akiba nikawa namgombeza." Wengine hawakujua wacheke au wanyamaze. Yeye alicheka.

Seremala anasema hajaona mafundi kama sisi siku ile ya kufunga reli ya pili. Wewe unasema, mimi nafunga, Mama anasimamia. Kaza kidogo, ruka, kaza ya upande wa pili, usimalize bolti moja kabla ya mwenzake. Mpaka leo nikifunga kifuniko cha sufuria nazungusha hivyo. Na yeye pale kitandani, "Watu watatu, mikono minne, inatosha." Sote tulijua kwamba reli ya pili haina kazi tena. Ile moja ingembeba mpaka mwisho bila kuguna. Yeye pia alijua, maana tulipomsukuma kwa mara ya kwanza akauliza, "Mbona haisemi? Nitajuaje kama naenda?" Na ulipompigia hesabu ya umri wa reli akasema itatuzika sote.

Hakupata maumivu. Asubuhi ile alikunywa maji, akaniambia nifungue dirisha. Nikafungua. Niligeuka kuuliza kama linatosha. Basi. Nilikaa naye, nikasoma sala zote ninazozijua, zilipokwisha nikaanza upya, halafu nikaenda kumwita seremala. Tulimzika kesho yake, wewe usingewahi, watu wengi walikuja. Nilipika, nilipakua, niliaga.

Sijalia. Watu wananitazama wakisubiri. Nimemuuliza Mungu kama ni dhambi, nadhani si dhambi. Asubuhi naamka saa ile ile, naingia chumbani kwake, naweka mkono kwenye kiti, kinateleza kwenda mlango wa bafu peke yake. Nakirudisha.

Jambo lenyewe ni hili. Yule mama mkwe wa seremala ameanguka, amevunjika nyonga. Hacheki. Mke wa seremala alikuja, akakaa, akazungumza habari za mvua, akaondoka bila kusema alichokijia. Lakini alipotoka alikiangalia kiti. Nifanye nini?

Dada yako.


Tarehe 25 Oktoba

Dada yangu,

Salamu zote, za juu na za chini.

Wape. Chuma kisichotembea kinaota kutu.

Mwambie seremala yafuatayo, na umwambie mara mbili. Yule mama ni mzito kuliko Mama hata enzi zake. Reli zote mbili zifungwe, si moja. Ile ya zamani ikae juu, kama ilivyokuwa kwetu. Vijishimo vya katikati bado vimo, lakini mzigo ukiwa ndani ya kikomo havitasikika. Mkono wa chuma usiongezwe hata kidogo. Kitanda ndicho kisogezwe ukutani. Seremala atataka kuurefusha, namjua, kwake kila kitu kinaongezwa ubao.

Nimejifunza kushika spana. Wiki iliyopita nimerudishwa karakana, nusu siku. Ningependa kumwambia Mama.

Kuhusu kutolia, mimi sina la kukufundisha. Siku ya simu nilirudi stoo nikahesabu vipuri.

Mdogo wako.


Tarehe 18 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini spana na wewe mmezoeana, na kwamba nusu siku imekuwa siku nzima. Huku mvua zimeanza. Paa halivuji. Mke wa seremala huniletea chakula nami humrudishia sahani na chakula changu, kwa hiyo kila mtu anakula alichopika mwenzake.

Wamefunga. Nilimwambia seremala maneno yako mara mbili kama ulivyoagiza, akasema ndiyo mara mbili. Wamekiweka kwenye kile chumba kinachopakana na jiko letu.

Siku ya kwanza nilikuwa nasonga chakula. Nikasikia kriii. Halafu kimya kidogo, halafu kule kuruka. Nikasimama na mwiko mkononi. Ilikuwa ni sauti ile ile, mahali pale pale katikati ya safari, kama Mama anapita upande wa pili wa ukuta. Chakula kikaungua. Jioni nikaisikia tena. Kesho yake nikajikuta nimehamishia mboga zangu na kisu upande wa ukuta huo, nikawa nasubiri.

Najua maana yake, umenifundisha mwenyewe. Amerefusha mkono. Kitanda chao hakikufika ukutani kwa sababu ya kabati, akaongeza kipande. Nilikwenda kumsalimu mgonjwa, nikakiona, nikaongea habari za nyonga, nikarudi nyumbani. Nilikwenda tena, nikakiona tena. Nilijiambia nitamwambia akirudi kazini, na alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa chai.

Yule mama ameanza kucheka tena. Kikiruka pale katikati anapiga kelele kidogo, halafu anacheka. Ndicho kilichonitoa nyumbani. Jana nilimsikia akipiga ile kelele, lakini baada yake halikufuata cheko.

Leo asubuhi, baada ya sala, nilikwenda na ndoo ya maji. Nikampa seremala, nikamwambia ashike karibu na tumbo, halafu anyooshe mkono. Akasema, "Kumbe ndicho ulichokuwa ukijifunza siku ile." Nikamwambia asishushe. Alipoanza kutetemeka nikamwonyesha kile kipande. Hakubisha. Akalivunja kabati kwanza, alilitengeneza mwenyewe kwa hiyo lilivunjika upesi, kitanda kikaenda ukutani, na mkono akaurudisha ulivyokuwa. Bolti nilizikaza mimi. Kidogo, ruka, upande wa pili.

Wakamkalisha mama mkwe, wakamsukuma. Nilisimama mlangoni nikaangalia kigari kikija, kikafika katikati, kikapita. Hakikusema kitu. Yule mama akageuza shingo akaniuliza, "Mbona leo haisemi?"

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa iwe.

Nimerudi nyumbani. Nimepika, hakijaungua. Chumbani kwa Mama ukutani yamebaki matundu ya bolti, safu mbili, moja yako na moja yetu sote. Seremala kaja mchana huu na ndoo yake ya lipu, kwa shukrani, anataka kuyaziba.

Nimemwambia aanze na mlango wa nyuma.

Dada yako.